Wati 75: Kompyuta ya Ofisi Inavyogeuzwa Mashine ya Gemu Gatina

Kompyuta ya gemu ya mfuko mdogo, iwe Gatina, Kabiro au kule Kibera, huanza maisha ikiwa mashine ya karani. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre iliyokaa miaka chini ya meza ya kampuni fulani Ulaya, ikaondolewa kwenye vitabu vya hesabu, ikapakiwa kontena hadi Mombasa, kisha ikapangwa kwenye rafu za maduka ya Moi Avenue na Luthuli kwa jina la ex-UK. Mnunuzi hupanda matatu ya 46 kurudi Kawangware akiwa ameipakata magotini. Kinachofuata, yaani kuigeuza mashine ya barua na hesabu iweze kuendesha gemu, ni kazi ya kiufundi inayostahili heshima, na nataka kuichambua kwa makini kwa sababu pesa nyingi za vijana zinapotelea hapo. Mara nyingi vifaa vilivyonunuliwa ni vizima kabisa. Tatizo ni kwamba haviwezi kukaa katika kasha moja.

Chanzo cha tatizo hilo ni umeme. Ndani ya kasha kuna sloti ndefu ya PCI Express, ambamo kadi ya grafiki huchomekwa. Kwa kanuni, sloti hiyo hupitisha wati 75 na si zaidi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima iletewe waya wake wa pini sita au nane kutoka kwenye saplai ya umeme, na saplai za kompyuta za ofisi kwa kawaida hazina waya huo. Isitoshe, saplai zenyewe ni ndogo. OptiPlex 9020 ya kasha kubwa, ile inayosimama kama tawa, ina saplai ya wati 290, na ya kasha jembamba ina wati 255. Ndugu yake wa kabla, OptiPlex 7010, ana wati 275 kwenye tawa na 240 kwenye kasha jembamba.

Sasa tazama mtego. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo wake wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana zikaingia soko la mtumba duniani kote. Miongoni mwao ni Radeon RX 580, kadi yenye nguvu kwa bei ya kuvutia. Lakini RX 580 hutumia takriban wati 185 peke yake. Kijana anayeileta nyumbani hugundua kwamba haina pa kuchomekwa, na hapo ndipo anapouziwa adapta inayogeuza waya wa diski, wa SATA, kuwa wa pini sita. Plagi ya SATA imeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye laini yake ya volti 12, ilhali ile ya pini sita inaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki huyeyuka. Katika ploti ya mabati na mbao, ambako chumba kimoja kinapakana na kingine na kila mmoja ana jiko lake, moto ulioanzia kwenye adapta ya bei rahisi hautaishia kwa mwenye kompyuta. Adapta hiyo isinunuliwe hata kama mwenye duka anaitoa bure.

Njia salama ni kukubali kikomo cha wati 75 na kutafuta kadi bora kabisa inayoishi ndani yake. Hapa historia ya uhandisi imemsaidia mtu wa mfuko mdogo kuliko anavyojua. Mwaka 2012 NVIDIA ilitoa GTX 660, kadi ya heshima wakati wake, ikila wati 140. Oktoba 2016 kampuni hiyo hiyo ikatoa GTX 1050 Ti kwa dola 139, yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, ikiwa na nguvu zaidi ya ile 660 na ikila wati 75 tu. Siri iko kwenye utengenezaji wa chipu. Transista zilishuka kutoka kizazi cha nanomita 28 hadi 14, na muundo wenyewe wa chipu ukabadilika, hivyo kazi ile ile ikafanywa kwa karibu nusu ya umeme.

Linganisha hilo na mapendekezo ya Rockstar kwa gemu yake ya GTA V ilipoingia kwenye kompyuta Aprili 2015: prosesa ya Core i5-3470, RAM gigabaiti 8, na kadi ya GTX 660. Hiyo i5-3470 ndiyo utakayoikuta ndani ya OptiPlex 7010 nyingi za ex-UK. Mashine ya karani ilikuwa na prosesa iliyopendekezwa na watengenezaji wa gemu wenyewe, ikaitumia miaka yote kufungulia barua pepe. Ilikosa kadi tu, na kadi hiyo sasa inaingia kwenye sloti bila waya hata mmoja wa ziada.

Baada ya 1050 Ti ikaja GTX 1650, Aprili 2019, kwa dola 149. Ina kasi zaidi na kikomo kile kile cha wati 75, ingawa baadhi ya watengenezaji waliiwekea tundu la pini sita. Kabla ya kulipa, tazama ukingo wa juu wa kadi: kama kuna tundu, hiyo si yako. Jihadhari zaidi na GT 1030. Kuna mbili zenye jina moja. Ya 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayosafirisha gigabaiti 48 kwa sekunde, na ya 2018 ina DDR4 ya gigabaiti 16.8 tu, karibu theluthi moja. Ni jambo la kuudhi kwamba NVIDIA iliruhusu boksi mbili zifanane hivyo, maana anayeumia ni mnunuzi asiye na pesa za kurudia. Radeon RX 6400 ya 2022 nayo inakula wati 53 na kuonekana jibu zuri, ila inatumia njia nne tu za PCI Express, na kwenye bodi za ofisi za kizazi cha tatu cha PCI Express data zake hupita kwa nusu ya kasi iliyokusudiwa. Kwa mashine za Gatina bado napendekeza 1650, na 1050 Ti kama mfuko haufiki.

Dola 149, kwa kiwango cha takriban shilingi 129 tulichozoea tangu katikati ya 2024, ni zaidi ya shilingi 19,000 kabla ya usafiri na ushuru. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipokaribia shilingi 160, kadi hiyo hiyo ilikuwa karibu 24,000. Ndiyo maana wengi hununua iliyotumika, na iliyotumika inahitaji kupimwa mbele ya macho yako. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye mashine, afungue programu ya bure ya GPU-Z, kisha aendeshe gemu nzito kwa nusu saa. Zipo kadi kongwe zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama 1050 Ti, na GPU-Z tangu 2018 huzifichua kwa kuandika wazi kwamba ni bandia. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kujibu swali lako.

Turudi kwenye kasha, maana uchaguzi wa 7010 au 9020 una utata wake. 7010 ya tawa hutumia plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo saplai yoyote ya dukani yenye umbo la kawaida inaweza kuwekwa siku ukipata pesa. 9020 hutumia plagi ya Dell yenyewe ya pini nane, na kubadilisha saplai kunahitaji waya wa kugeuza. Kwa hesabu hiyo pekee 7010 ingeshinda. Lakini prosesa za 7010, kizazi cha tatu cha Intel, hazina seti ya maagizo iitwayo AVX2, na gemu kadhaa za miaka ya karibuni hukataa hata kufunguka bila hiyo. Kizazi cha nne, kilicho ndani ya 9020, kinayo. Binafsi nachagua 9020 ya tawa yenye i5-4590. Mtu aliyeamua kuishi ndani ya wati 75 hana haja ya saplai kubwa, na ubaya wa plagi ya Dell haumgusi. Prosesa hiyo hula wati 84, kadi 75, bodi, RAM, feni na diski kama 40 hivi. Jumla inakaribia 200, ndani ya saplai ya 290, na nafasi inabaki. Kasha jembamba ni rahisi kubeba, ila linahitaji kadi ya kimo kifupi, ambayo ni adimu na ghali zaidi, na joto halina pa kutokea. Chini ya mabati ya mchana wa Februari joto hilo ni la kuogopwa. Fundi akufungulie prosesa, apanguse krimu kavu ya kupitisha joto na kupaka mpya, kwa sababu ile ya kiwandani ina zaidi ya miaka kumi.

RAM iwe vipande viwili vinavyolingana. Kipande kimoja cha DDR3-1600 kinasafirisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde, viwili kwa pamoja 25.6. Gigabaiti nane ni kiwango cha chini ambacho Valve inataja kwa gemu yake ya Counter-Strike 2, kumi na sita ni raha. Gemu hiyo inataka pia gigabaiti 85 za diski, kwa hiyo SSD ya 120 itajaa mapema.

Skrini ya ofisi iliyotumika inadharauliwa bila sababu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, ya 1600 kwa 900 ina milioni 1.44, na ya 1366 kwa 768 ina milioni moja na ushei, nusu ya ile ya kwanza. Kadi inachora nukta hizo zote kila fremu. Kwa skrini ndogo, 1050 Ti hupumua na fremu huongezeka bila kutoa shilingi. Angalizo moja tu: 1050 Ti na 1650 hazitoi ishara ya VGA, hivyo skrini ya zamani yenye VGA pekee itahitaji kigeuzi chenye chipu ndani. Wapo wanaokwepa gharama hiyo kwa kuchomeka skrini kwenye VGA ya bodi, kisha wanashangaa gemu kwenda polepole wakati kadi yao imekaa tu haifanyi kazi.

Gharama inayosahaulika ni ya tokeni za umeme. Mashine inayovuta wati 200 kwa saa tano kila siku inakula uniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, uniti 30 ndizo kikomo cha bei nafuu kabisa ya Kenya Power kwa nyumba. Gemu peke yake zinamaliza nafasi hiyo, na taa, redio na birika vinaisukuma nyumba nzima kwenye bei ya juu. Anayeshiriki mita na wapangaji wengine azungumze nao kabla, si baada.

Limebaki suala la mfumo. Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel za chini ya kizazi cha nane. Linux sasa ni njia ya kweli, kwa sababu tangu 2018 Valve imetoa Proton, inayoendesha gemu nyingi za Windows bila Windows. Counter-Strike 2 ina toleo lake la Linux, na GTA V ya mchezaji mmoja huenda vizuri. Valorant na Fortnite hazikubali Linux, na GTA Online imejifunga tangu Septemba 2024. Hivyo aliyeunda mashine kwa ajili ya Valorant abaki kwenye Windows 10 akijua hatari yake ya usalama. Anayeweza kusubiri ana faida moja ya vifaa: masharti hayo hayo ya Windows 11 yanazisukuma kampuni za Ulaya kuachana na mashine za kizazi cha sita na cha saba. Nazo bado hazitapokea Windows 11 rasmi, lakini prosesa kama i5-6500 hula wati 65 badala ya 84, na sloti yao ni ile ile. Atakayenunua moja mwakani atachomoa 1650 yake kwenye 9020 na kuihamisha bila kubadilisha hata waya.