Picha za Sammy Baloji, makala ya mawe ya Luena

Wandugu, wengi wetu tumeona picha za Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, zile za Mémoire za 2006. Anachukua foto za zamani za wafanyakazi, nyeusi na nyeupe, anazikata, anawasimamisha mbele ya mashini za Gécamines zilizokufa. Hakuna kilio, hakuna maneno mingi. Nguvu yake njo hiyo: wazee wale wanatuangalia sawa watu wenye kudai hesabu.

Lakini ukizitazama ukiwa huku Kamina, kuna kitu kinakosa. Zinaonyesha mtu na kiwanda, basi. Na sisi huku tulikula kupitia reli.

Chukua Luena, mu teritwari ya Bukama. Makala ya mawe ya kule haikufaa kwa kuyeyusha shaba. Ile nzuri ilitoka Wankie, Rhodesia. Ya Luena ilienda kwa moto wa viwanda, kwa treni za BCK, kwa simenti ya Lubudi. Wanunuzi wachache, njia moja. Umeme wa Lualaba ulipoingia miaka ya 1950, Nzilo kisha Nseke, viwanda na reli vikaanza kuachana na makala, na mgodi ulikuwa haujaisha. Halafu Gécamines ikaanguka: zaidi ya tani 470,000 za shaba mu 1986, karibu 30,000 mu 1994. Mwenye kutegemea mnunuzi mmoja anaanguka naye. SNCC ikafuata, na soko la Kamina pia.

Kwa hiyo Baloji anatuonyesha maiti, ugonjwa hauonekani. Profesa Dibwe dia Mwembu, mu kitabu chake cha 2001, aliwaita watoto walioachwa na baba yao. Neno zuri, lakini linatudanganya kidogo. Baba aliyetoa posho, nyumba, masomo na hospitali, yeye njo aliyetuzuia kujifunza kulima na kuuza wenyewe.

Leo mahindi ya Kaniama na samaki ya Bukama vinangojea treni ile ile. Siku kampuni ingine itakuja na ahadi ya makala, tusianze kwa kupiga makofi. Tuulize mbili tu: wanunuzi ni wangapi, na kodi itajenga nini kabla shimo halijaisha? Ninyi wa uchumi na wa sheria, hesabu hiyo ni yenu.