Ungwana Hewani: Uhakiki wa Kipindi cha Leonard Mambo Mbotela

Katika taaluma yetu ya fasihi, redio imezoea kutajwa kama chombo tu. Husemwa kwamba hupitisha mashairi, michezo na nyimbo, kama vile mfereji upitishavyo maji. Ni nadra kuona kipindi cha redio kikihakikiwa kama utungo wenye umbo na maana yake wenyewe. Makala haya yanachunguza kipindi kimoja, *Je, Huu ni Ungwana?*, kilichoanza kutangazwa na Sauti ya Kenya mwaka 1966, na ambacho marehemu Leonard Mambo Mbotela alikiendesha kwa zaidi ya miaka 50. Wengi wamekichukulia kipindi hiki kuwa mafunzo mepesi ya adabu. Hoja yetu ni kwamba kilifanya kazi nzito kuliko hiyo: kilichukua neno lililowahi kuwagawa watu wa Pwani kwa nasaba, kikalifanya kuwa mali ya kila msikilizaji.

Neno na historia yake

Kwa msikilizaji wa leo, hasa wa bara, mwungwana ni mtu mwenye adabu. Lakini maana ya kale ya neno hilo ni mtu huru, yaani asiye mtumwa, na hivyo ndivyo Krapf alivyolieleza katika kamusi yake ya 1882. Adabu ilihesabiwa kuwa sifa iliyofuata uzawa. Aliyezaliwa huru ndiye aliyetarajiwa kujua kusema, kuvaa na kukaa na watu. Mtumwa naye, hata angekuwa mwema wa namna gani, wema wake uliitwa utii, haukuitwa ungwana.

Ushahidi wa jambo hili tunao katika fasihi yenyewe. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, anamfunza binti yake adabu za dini, za nyumba na za watu. Na papo hapo anamwonya asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Hivyo utenzi unaofundisha adabu unachora pia mpaka wa wale wanaodhaniwa kuistahili. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria yaweza kubadilisha hali ya mtu kwa siku moja, bali neno halibadiliki kwa amri.

Mtangazaji na ukoo wake

Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka 1940, katika ukoo wa watu wa Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa *Uhuru wa Watumwa* (1934), mojawapo ya hadithi za awali za nathari katika Kiswahili. Wahakiki wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo haikosi haki: uhuru unaosimuliwa humo ni uhuru wa kupewa.

Tukiziweka kazi hizi mbili pamoja, uhusiano wake unadhihirika. Baba alisimulia jinsi watu walivyoacha kuwa watumwa. Mwana alishughulika na suala lililobaki baada ya hapo, nalo ni nani astahiliye kuitwa mwungwana. Hatudai kwamba mtangazaji alikusudia kumjibu baba yake. Tunachodai ni kwamba mjukuu wa Freretown alipokaa mbele ya maikrofoni na kuwauliza Wakenya wote, wa kila kabila na kila tabaka, kama kitendo fulani ni ungwana au sicho, kipimo cha kale kilikuwa kimepinduliwa. Uzawa haukuulizwa tena. Kilichoulizwa ni kitendo.

Umbo la swali

Ufundi wa kipindi umo katika jina lake. Huelezwa kisa cha mwenendo mbaya wa kila siku, labda wa jirani, wa mgeni au wa msafiri, kisha hufuata swali. Swali hilo si la kutafuta habari, kwa kuwa jibu lake linajulikana. Kazi yake ni kumkalisha msikilizaji katika kiti cha hakimu, halafu kumgeuzia hukumu yake mwenyewe, maana ni nani asiyewahi kufanya mojawapo ya makosa hayo? Mshairi wa utenzi wa mawaidha huamrisha: fanya hili, acha lile. Mtangazaji anauliza. Tofauti hiyo ya sarufi ni tofauti ya mamlaka pia, kwani anayeamrisha lazima awe na cheo, bali kuuliza ni haki ya yeyote.

Redio yenyewe ilisaidia. Katika baraza la mtaa wa kale, msemaji alijulikana yeye ni nani na ni mtoto wa nani kabla hajafungua kinywa. Redio huleta sauti, ikaiacha nasaba nyuma. Santuri ilikuwa imekwisha kulionyesha jambo hili Unguja. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika jamaa yenye asili ya utumwa, alipewa utotoni jina la Mtumwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi taarabu, na sauti yake ikaingia katika nyumba za waungwana waliokuwa wakiidharau asili yake. Mwimbaji alibadilishiwa jina, akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Miaka 38 baadaye, mtangazaji wa Nairobi alilibadilisha neno lenyewe.

Mipaka ya ungwana huo

Hata hivyo, sifa zisitufumbe macho. Sauti ya Kenya ilikuwa idhaa ya serikali tangu mwaka 1964, na swali la kipindi lilielekezwa kwa jirani. Halikuelekezwa kwa mtawala. Ungwana ulifanywa kuwa jambo la mtu na mtu mwenziwe. Aliyepiga foleni kumbo aliulizwa. Aliyenyakua shamba la umma hakuulizwa. Kwa njia hiyo kipindi kilichovunja mpaka wa nasaba kiliuacha mpaka wa madaraka mahali pake.

Tarehe 1 Agosti 1982 mpaka huo ulionekana wazi. Askari waasi wa jeshi la anga walimchukua Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka studioni kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Walimhitaji yeye kwa sababu sauti yake iliaminika, na imani hiyo ilikuwa imejengwa, miongoni mwa mengine, na miaka 16 ya swali lake. Msikilizaji aliyezoea kuulizwa maoni yake siku hiyo alipewa tangazo tu. Kwa mhakiki, tukio hili linaonyesha thamani na udhaifu wa sauti ya redio kwa pamoja: yaweza kumilikiwa na taifa zima kwa mapenzi, na ikatekwa na wachache kwa bunduki katika asubuhi moja.

Hitimisho

Mbotela alifariki Februari 2025. Rambirambi nyingi zilimsifu kama mwalimu wa adabu, na sifa hiyo ni ya haki, ingawa ni pungufu. Neno *ungwana* lilivyo vinywani mwa Wakenya leo haliwezi kuelezwa na mwanaleksikografia anayesoma vitabu peke yake, wala historia ya nathari ya mawaidha haiwezi kukamilika ikiwa inaishia kwenye tenzi na riwaya. Yafaa kanda za vipindi vya aina hii zitafutwe, ziandikwe neno kwa neno, zisomeshwe madarasani pamoja na Mwana Kupona na *Uhuru wa Watumwa*. Vinginevyo tutaendelea kuwafundisha wanafunzi wetu kwamba mwungwana ni mtu mwenye adabu, bila kuwaonyesha ni kazi ya nani iliyoliwezesha neno hilo kuwaenea wao pia.