Jina na Sura katika Vibamba vya Nadhiri

Mwaka 2002, karibu na kijiji cha Ashwell katika jimbo la Hertfordshire, ilifukuliwa hazina ya dhahabu na fedha ambayo leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Miongoni mwake mna vibamba vyembamba vyenye umbo la jani, vilivyotolewa nadhiri zama ambazo Uingereza ilikuwa chini ya Roma. Anayetazama sura huona Minerva, mwenye kofia ya vita, mkuki na ngao. Anayesoma maandishi ya baadhi yake hukuta jina jingine: Senuna, mungu wa kike ambaye wataalamu hawakuwa wakimjua kabla ya ugunduzi huo.

Ni rahisi kuhukumu kwamba sura ya kigeni imemmeza mungu wa wenyeji. Hukumu hiyo hulipa jicho uzito unaostahili neno. Sura ilikuwa mali ya karakana, tayari kwa mteja yeyote. Jina ndilo lililoielekeza sadaka kwa mwenyewe.

Hazina ya Water Newton, iliyopatikana mwaka 1975 na kunasibishwa na karne ya 4, yatia nguvu hoja hii. Humo vibamba vya fedha vina umbo lile lile la jani, na mishipa yake imetokezwa kwa kugongwa, lakini Minerva hayumo wala Mars. Mahali pao pana chi na ro, herufi mbili za mwanzo za jina la Kristo kwa Kigiriki. Kimoja kinatamka kwamba mwanamke fulani ametimiza nadhiri aliyoiahidi. Anayeombwa amebadilika, jani limebaki, na ahadi imebaki.

Kiswahili husema kuondoa nadhiri. Usemi huo hauulizi sura ya anayeombwa. Wauliza iwapo deni limelipwa. Kwa kipimo hicho, aliyemwendea Senuna kwa sura ya Minerva hakumsaliti.

Hata hivyo, kuazima kuna gharama yake. Karatasi hii ya madini ni nyembamba mno, na herufi zake ni chache. Lau maandishi ya Ashwell yangalifutika, tungalihesabu vibamba vyote kuwa vya Minerva, na Senuna asingalikuwa na shahidi. Sura ya kuazima yatosha kwa ibada. Kwa kumbukumbu, jina halina budi kuandikwa.