Bunduki Ina Jina, Mbebaji Hana

Kuna jaribio dogo ambalo mimi hulifanya kila nikishika kitabu cha uwindaji kilichoandikwa kuhusu upande wetu wa mlima, kuanzia Nyambene hadi Mbeere. Nachukua karatasi na kuigawa mara mbili. Upande mmoja naandika kila bunduki inayotajwa, upande wa pili kila Mwafrika anayetajwa kwa jina. Upande wa bunduki hujaa haraka, na hujaa vizuri: nani aliitengeneza, ina mitutu mingapi, risasi yake ni ya ukubwa gani, inapiga teke kiasi gani begani. Upande wa pili huwa na majina ya neno moja moja, na nafasi kubwa nyeupe.

Sisemi hivi kwa sababu navichukia vitabu hivi. Shida yangu na vitabu hivi ni kwamba vingi vimeandikwa vizuri. Kitabu kibaya unakiweka chini na kukisahau. Hiki kingine kinakuvuta, unamfuata mwindaji kwenye majani marefu, upepo unakupiga usoni, na ukifika ukurasa wa mia unagundua umekuwa ukitazama nyika ya kwenu kupitia shabaha ya bunduki ya mtu mwingine.

Tuanze na wa kwanza kabisa wa maana. Arthur Neumann alianza safari yake kutoka pwani mwishoni mwa 1893 na msafara wa wapagazi, akapanda hadi kaskazini mashariki mwa Mlima Kenya. Nafaka ya kulisha watu wake alikuwa akiinunua kwa wakulima wa milima ya Nyambene. Ndovu aliwatafuta kwenye nyika iliyo chini, na baadaye akasonga mpaka Ziwa Turkana. Kitabu chake, Elephant Hunting in East Equatorial Africa, kilitoka 1898. Hakimiliki yake iliisha zamani, kwa hivyo unaweza kukisoma bure mtandaoni, hata kwa simu.

Neumann ana jicho. Anaona vipepeo, anaona jinsi ndovu anavyosikiliza kabla ya kuondoka. Na anazijua bunduki zake kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake. Kuna ile kubwa ya mitutu miwili, ya .577, na kuna Lee-Metford, bunduki ya jeshi la Uingereza la siku hizo, nyepesi, inayoingia ndani sana. Siku moja karibu na ziwa, Lee-Metford inamgomea. Ndovu jike anamfikia, anamponda, anamwacha nusu mfu. Ukurasa huo ni mzuri sana, sitadanganya. Lakini angalia kinachofuata. Watu wake ndio wanaomwokota, wanaomlisha, wanaomuuguza mpaka anasimama tena. Bunduki iliyomwangusha tunaijua kwa jina mpaka leo. Mikono iliyomwinua imebaki kuwa "watu wangu."

Kuna mmoja aliyeponyoka kimya hicho. Anaitwa Shebane, mtumishi wa Neumann. Mwanzoni mwa 1896 mamba alimkamata ukingoni mwa maji, mbele ya macho ya bwana wake. Neumann analia kwenye karatasi, na namwamini. Huzuni ile si ya kuigiza. Ila lazima tuulize swali la msomaji: kwa nini Shebane anapata nafasi yake kubwa kwenye ukurasa ule ule anaokufa? Alikuwa kwenye msafara muda wote. Alikuwa na sauti, na utani, na bila shaka na maoni yake kuhusu mzungu huyu anayefukuza ndovu mpaka mwisho wa dunia. Kitabu hakikuvihitaji vitu hivyo hadi mamba alipokuja.

Najua kuna atakayesema: hiyo ni 1898, unategemea nini? Haya, tusogee. Twende Born Free ya Joy Adamson, iliyotoka 1960, kitabu kilichoifanya Meru ijulikane na watoto wa Ulaya kabla hawajajua Kenya iko wapi.

Hadithi ya Elsa inaanza kwa mlio wa bunduki, jambo ambalo watu husahau kwa sababu ya wimbo mtamu wa ile filamu ya 1966. Tarehe 1 Februari 1956, George Adamson, askari mkuu wa wanyamapori wa kaskazini, alikuwa anamsaka simba aliyeua mtu. Simba jike akawarukia. Mwenzake George alifyatua na kumjeruhi, George akammaliza. Ndipo wakaona matiti yamejaa maziwa. Watoto watatu wakapatikana kwenye ufa wa mwamba. Wawili wakapelekwa Rotterdam, mmoja akabaki. Huyo ndiye Elsa, na kaburi lake liko kwenye Mbuga ya Meru, karibu na Mto Ura.

Kwa haki, Joy Adamson anawataja watu kuliko Neumann. Nuru, aliyewalea watoto wa simba, yumo. Makedde, askari wa wanyamapori aliyebeba bunduki na kusoma nyayo, yumo. Lakini ni Nuru tu, Makedde tu. Mwana wa nani, hatuambiwi. Elsa mwenyewe ana mama, ana dada, ana tabia, ana siku za huzuni na siku za kununa. Simba amepewa ukoo, na binadamu aliyemlea amepewa neno moja.

Na kuna jambo zito zaidi ndani ya vitabu vya Elsa, ambalo nadhani wasomaji wengi hulipita. Simba aliyekuzwa nyumbani hajui kuwinda. Lazima alishwe. Kwa hiyo George anachukua bunduki na kumpigia swala. Ni jambo la upendo, na limeandikwa kwa upendo. Ng'ambo ya mto, kwenye ukurasa mwingine wa hadithi hiyo hiyo, mtu anajificha na upinde na mshale wa sumu akingoja mnyama wa aina ile ile. Huyo jina lake ni jangili. Wote wawili wanatafuta nyama ya kulisha wa kwao. Kilichowatenganisha ni karatasi ya serikali, na bunduki yenye muhuri.

Sitaki kusikika kama natetea kila mshale uliorushwa. Wanyama waliisha kweli, na pembe ziliuzwa kweli. Ninachosema ni cha kifasihi: mwandishi ametupa njaa ya simba kwa undani, tukaihisi tumboni. Njaa ya mtu wa Tharaka hakutupa hata mstari wa kuionja. Na kile usichokionja kwenye kitabu, ni rahisi kukihukumu ukikifunga.

Mwaka huo huo wa 1956, mwezi Oktoba, Dedan Kimathi alikamatwa upande wa pili wa nchi ya milima, karibu na Nyeri. Mnamo Novemba alishtakiwa kwa kupatikana na bastola, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa. Bastola ile tunaijua vizuri: Webley Scott, .38. Hapo ndipo nilipotambua kwamba ile orodha yangu ya karatasi ina mahali pamoja ambapo pande zote mbili zinajaa. Ni kwenye hati ya mashtaka. Mwafrika na bunduki vilitajwa kikamilifu pamoja pale tu mmoja alipotumiwa kumnyonga mwingine.

Riwaya nazo zilifuata mkondo huo. Mmarekani Robert Ruark, aliyekuja Kenya kuwinda na kuandika kuhusu uwindaji wake, alitoa Something of Value mwaka wa 1955. Peter, mwindaji wa kizungu, amekua na Kimani kama rafiki. Kimani anaingia msituni, na Peter anamfuata. Usomapo unaona msamiati haujabadilika hata kidogo: nyayo, upepo, subira, kuvizia. Ruark hakuhitaji lugha mpya ya kusimulia vita dhidi ya watu. Ile ya kusimulia nyati ilikuwa tayari, imepakwa mafuta, imeningʼinia ukutani.

Sasa, kama tunazungumzia bunduki za kale za Meru na Embu, mimi naona ile inayostahili sura nzima ya kitabu haikutengenezwa London. Ilitengenezwa msituni. Wapiganaji wa Mlima Kenya, ambao Waruhiu Itote aliwaongoza hadi alipokamatwa Januari 1954, walikata bomba la maji likawa mtutu. Komeo la mlango likawa kipigo cha kugonga fataki. Vipande vya tyubu ya gari vikawa springi. Mbao ya porini ikawa kitako. Silaha ile ilikuwa hatari kwa anayefyatua karibu sawa na kwa anayelengwa, na kupatikana nayo chini ya sheria ya hali ya hatari kungeweza kukupeleka kwenye kitanzi. Baadhi yake leo ziko kwenye makumbusho ya kijeshi mjini London. Hazina muhuri wa fundi.

Itote mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa King's African Rifles, akapigana Burma dhidi ya Wajapani. Kitabu chake, Mau Mau General, kilitoka 1967. Kisome baada ya Neumann, kama mimi nilivyofanya, utaona kitu ambacho hakuna kitabu cha uwindaji kinachokisema wazi. Mtu aliyebebeshwa bunduki anajifunza bunduki. Huwezi kumpa mtu silaha aisafishe, aipake mafuta, aitembeze maili ishirini, aijaze na kuikabidhi kwa sekunde moja ndovu akija, halafu ukaamini kwamba hajui ni ya nini.

Na hapa ndipo naona waandishi wote hao walipitwa na hadithi kubwa kuliko zote walizosimulia. Mbebaji anasimama hatua mbili nyuma ya bwana. Mkononi ana bunduki ya pili, imejaa risasi. Haruhusiwi kuifyatua. Nyika ni ya babu yake. Mnyama aliye mbele, akimpiga yeye, ni kosa. Akipigwa na mwenye leseni, ni picha ya ukutani. Akikimbia, bwana anakufa. Akibaki, anaweza kufa yeye. Anabaki. Kwa nini? Mshahara? Heshima? Hofu? Urafiki wa kweli, ambao nao ulikuwepo? Neumann alikuwa na watu wa namna hiyo nyuma yake kwa miaka karibu mitatu na hakugeuka kuwauliza.

Watetezi wa vitabu hivi husema kwamba undani wa bunduki ni ufundi tu, kwamba mwandishi mzuri hutaja vitu kwa majina yake. Nakubali kabisa. Ndiyo maana hoja yangu inasimama. Undani ni aina ya heshima. Mtu anayeweza kukuambia uzito wa risasi, lakini hawezi kukuambia jina la baba wa mtu aliyelala naye moto mmoja, ameshakuonyesha heshima yake iko wapi. Na kwamba inawezekana kufanya vingine, ushahidi tunao. H.S.K. Mwaniki alizunguka Embu na Mbeere akiwahoji wazee, na kazi hiyo ikazaa Embu Historical Texts, iliyochapishwa 1974. Humo wanaosema ni wenyeji wenyewe. Wazee wanajibu, wanabisha, wanakumbuka uwindaji na vita vya 1906 dhidi ya Waingereza kwa maneno yao. Si kitabu cha kusisimua kama cha Neumann, na ni vigumu kukipata dukani. Lakini ukikifunga, watu unaowakumbuka ni wa hapa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inafanya hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo kuwa kosa. Mimi siombi bunduki zirudi. Ila marufuku ilifunga uwindaji bila kufunga hadithi yake. Bunduki za wakati ule bado zinapigwa mnada Uingereza, na bei hupanda kwa sababu ya jina la aliyeimiliki. Hoteli za watalii bado zinapamba kuta kwa picha za bwana aliyeweka mguu juu ya nyati, na pembeni mwa picha kuna mwanamume aliyesimama wima, akitazama kamera, bila maelezo chini yake. Na kwenye habari, kijana wa kijijini akikamatwa na mguu wa dikdik, neno linaloandikwa ni lile lile la vitabu vya Elsa.

Sisi tunaoandika sasa tumerithi lugha hiyo, na tunaitumia bila kuikagua. Nimesoma hadithi fupi za vijana wenzangu ambamo mzungu wa zamani ana bunduki yenye jina na mhusika wa Kimeru anaitwa "mzee mmoja." Tunaweza kuacha hilo leo jioni. Ukiwa na babu au nyanya upande wa Igembe, Tharaka, Mbeere au Runyenjes, muulize ni nani pale kijijini aliwahi kuwabebea wawindaji bunduki, au kuwaonyesha nyayo, au kuwapikia. Uliza jina lake lote, rika lake, alilipwa nini, alirudi na nini. Andika hayo kwanza. Bunduki utaiweka baadaye, kama bado utakuwa na nafasi.