Nukta ya Wino

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari huku Arua, Uganda, nilichora mstari wa kuanzia kwa biro. Spiriti ilipoanza kupanda kwenye karatasi ya kuchujia, iliubeba mstari wangu pamoja na nukta ya wino niliyoiweka juu yake, na karatasi nzima ikawa samawati tupu. Mwalimu hakunikaripia. Alinipa penseli. Risasi ya penseli haiyeyuki, kwa hiyo mstari wake hubaki pale ulipochorwa.

Leo nami nafundisha kromatografia, yaani ufundi huo wa kutenganisha rangi, kwa watoto wa mtaa wa Oli, wanaoingia maabara huku wakichanganya Kinubi, Kilugbara na Kiswahili, nami naiheshimu kazi hii kuliko zamani. Mikhail Tswett wa Urusi aliianza mapema karne ya 20, akitenganisha rangi za majani kwa unga wa chaki. Sisi tunatumia chupa ya jemu.

Ufundi wote umo katika kuweka nukta. Unagusa karatasi kwa ncha ya kijiti, unanyanyua, unasubiri ikauke, kisha unagusa tena palepale, mara tatu. Isizidi punje ya simsim. Mwanafunzi mwenye haraka hudondosha tone zima, na rangi zikipanda huburuta mikia na kulaliana, hata hujui manjano imeishia wapi na nyekundu imeanzia wapi. Spiriti iliyo chupani nayo isifike kwenye mstari wa penseli, la sivyo wino utayeyukia chini kabla ya kupanda. Kisha funika chupa, maana joto letu hukausha karatasi safarini. Na uiache! Kuitikisa ni kuharibu.

Usiache spiriti ifike ukingoni. Itoe karatasi mapema na uweke alama papo hapo pale spiriti ilipofika, kwa sababu ule unyevu hutoweka upesi, na bila alama hesabu haipo. Rangi ikisafiri sentimita 4.2 na spiriti 6, unagawanya ya kwanza kwa ya pili, na jibu ni 0.7.

Ufundi huu si wa rangi za wino tu. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, ilitenganishwa kwa ufundi huuhuu, na chini ya mwanga wa urujuanimno nukta zake ziling'aa, nyingine samawati, nyingine kijani. Majina yake, B na G, yametokana na majina ya rangi hizo kwa Kiingereza. Karanga ni chakula chetu cha kila siku hapa West Nile, ndiyo maana nukta iliyotambaa hainichekeshi: penye mikia, sumu hujificha kwa jirani yake.

Juzi binti mmoja alishika pumzi alipokuwa akigusa karatasi kwa mara ya tatu. Dakika chache baadaye wino wake mweusi ulitoa samawati, zambarau, na juu kabisa, ukanda mwembamba wa manjano.