Dhamiri Bila Imani: Tafsiri ya Kifo cha Kazimoto katika Kichwamaji

Ni rahisi kukisoma kifo cha Kazimoto katika Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, kama hukumu: ampotezaye Mungu hupoteza maadili, na hatimaye uhai. Matini yenyewe haiungi mkono usomaji huo. Imani imemtoka Kazimoto, lakini anatambua kuwa alichotendewa dadaye Rukia na Manase ni uovu. Hahitaji amri ya mbinguni kulijua hilo. Dhamiri imesalia. Kinachokosekana ni watu wa kuibeba pamoja naye. Elimu ya chuo kikuu imemtenga na wanakijiji, na hasira yake ya haki inageuka kuwa kisasi kinachomlenga Sabina, dada ya Manase, asiye na hatia. Baadaye anamwoa kwa mapenzi. Hata hivyo ndoa haiuponyi upweke wake.

Tofauti hii baina ya imani na tegemeo la kijamii ina uzito kwa msomaji wa Yamumbi, pembezoni mwa Eldoret. Kanisa la Kiambaa, nje ya mji huo, lilichomwa Januari 1, 2008, likiwa na watu waliokimbilia humo. Ujirani ulipovunjika, hata nyumba ya ibada haikuwa kinga.

Udhaifu wa riwaya ni kwamba haimpi Kazimoto mwenzi hata mmoja asiyeamini ambaye ameweza kuishi. Hivyo inathibitisha hatari ya upweke, wala si ubatili wa utu usio na dini.