Mita Moja na Nusu ya Kwanza

Mji wa Paradise, kaskazini mwa California, uliungua kwa moto wa msituni tarehe 8 Novemba 2018. Watu 85 walikufa, wengi wao wazee waliopita miaka 65, na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Katika picha zilizopigwa baadaye kuna jambo la kushangaza: nyumba imebaki jivu tupu, na msonobari ulio hatua chache kando yake bado una majani mabichi. Nyumba nyingi ziliwashwa na cheche zilizopeperushwa na upepo, kisha nyumba iwakayo ikaiambukiza ya jirani.

Jack Cohen, aliyekuwa mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alitumia miaka mingi kulithibitisha hilo. Nyumba hupona au huangamia kwa hali yake yenyewe na ya mita kama 30 zinazoizunguka. Juu ya maarifa hayo imesimama kazi ninayoiheshimu sana: ya wale wanaokwenda nyumba kwa nyumba, wengi wao kwa kujitolea, kuwaandalia wazee makazi yao kabla ya msimu wa moto.

Fundi mzuri wa kazi hii haanzi na msumeno. Anaizunguka nyumba polepole, akijiuliza cheche ikisukumwa na upepo itajibanza wapi. Anapiga magoti chini ya baraza la mbao, mahali ambapo mwenye nyumba hawezi tena kuinama, na kuvuta kwa mkono majani makavu yaliyorundikana. Anapanda ngazi kwenye gata. Bibi wa miaka 80 hapaswi kupanda ngazi, naye analijua hilo. Basi gata hujaa majani ya msonobari mwaka hadi mwaka, na yakiwaka, moto wake hupenya ukingoni mwa paa, hata paa lenyewe likiwa la bati.

Kisha yapo matundu ya kupitishia hewa darini. Nyavu za zamani zina macho mapana, na cheche hupita. Fundi anaweka wavu wa chuma wenye macho ya milimita 3 au pungufu. Utazame kwa karibu: umekatwa kwa kipimo, kingo zimekunjwa, skrubu zimekazwa pande zote, hapana mwanya hata wa kupitisha kijiti. Hakuna mgeni atakayeinua kichwa kuusifia wavu ule, lakini umefungwa kana kwamba watu wote watakuja kuukagua.

Pagumu zaidi ni mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani. Hapo hapatakiwi kitu kinachoshika moto: kuni, zulia la mlangoni, maganda ya miti yaliyotandazwa bustanini, wala kichaka. Na hapo ndipo wazee wengi wameweka vitu vyao vya moyoni. Kichaka kile chini ya dirisha huenda kilipandwa na marehemu mume wa bibi mwenye nyumba. Anayeijua kazi hakimbilii kukikata. Anaketi, anauliza kilipandwa lini, anasikiliza hadi mwisho. Pengine ataondoka siku hiyo amehamisha kuni tu, na kichaka akakiacha mpaka bibi mwenyewe aseme kiondolewe. Sioni kwamba amepoteza muda. Aliyekubali kwa hiari ataendelea kupaweka safi mwakani. Aliyelazimishwa atapanda kingine palepale.

Halafu mlango wa gereji. Katika mioto ya mwaka 2017 huko California, wapo waliokwama kwa sababu umeme ulikatika na mlango haukufunguka; mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria kwamba mashine mpya za milango hiyo ziwe na betri ya akiba. Nyumba nyingi za wazee bado zina mashine za kale. Fundi anamwonyesha bibi kamba inayoning'inia juu, ya kuutenganisha mlango na mashine, kisha anasogea kando ili aivute mwenyewe na kuuinua mlango kwa mikono yake. Akishindwa, kazi ya siku hiyo haijaisha: itatafutwa mashine yenye betri, na kabla ya kuondoka fundi anagonga kwa jirani, wakubaliane nani atakuja kumfungulia.